Saa Iliyokula Dakika

Wiki iliyopita niliwaacha nimekaa kwenye ukingo wa mtaro, kiatu mkononi, ukucha wa kidole gumba umebaki ndani ya soksi kama punje ya hindi. Muuza magazeti wa mtaani kwetu ananiambia kuna msomaji aliyeuliza kama niliutupa ule ukucha au niliuweka. Niliutupa. Mimi si mtu wa kuweka uchafu.

Kwa aliyejiunga nasi leo: nina miaka sitini na minane. Nilianza kazi kwenye kiwanda cha uchapaji nikiwa mfagiaji, nikasoma shule ya usiku miaka sita, nikamaliza nikiwa msahihishaji, yaani yule mtu anayesoma kila kitu kabla hakijachapwa na kukamata makosa ya wenye digrii. Waliniita Bwana Nukta, kwa dhihaka. Mimi nililipokea jina hilo kama cheti.

Siku ya kustaafu, meneja kijana aliniambia mbele ya watu, "Mzee, sasa kaa. Mwendo umekwisha." Nikala yamini kwamba nitakimbia nusu marathoni, kilomita ishirini na moja, kisha nipite mbele ya dirisha lake na medali shingoni.

Mbio hizo zina kundi la jozi za wazee. Watu wawili waliovuka miaka sitini hupewa namba moja, na lazima wavuke mstari pamoja, ndani ya saa mbili na nusu. Mmoja akichelewa, wote wawili hawapati kitu. Nikamchukua mzee mwenzangu, rafiki yangu tangu miaka arobaini iliyopita, Fundi Saa, mtengenezaji wa saa.

Nilimchukua nikimjua alivyo. Huyu ni mtu anayepenga kamasi kwa vidole akiwa anakimbia, tundu moja baada ya jingine, halafu anajipangusa kwenye suruali. Ni mtu anayevaa soksi zile zile wiki nzima, eti zimeshazoeana na miguu. Kila Jumapili kwa miezi mitano nimekimbia nusu hatua mbele yake ili nisione, na nikaishia kusikia.

Nikavumilia. Ndugu hachaguliwi, na rafiki wa miaka arobaini ameshakuwa ndugu.

Basi, mkasa wa leo ulianza Jumatano.

Mbio zilikuwa zimebaki siku kumi na moja, tukaamua kuongeza siku moja ya mazoezi katikati ya wiki. Njia yetu inazunguka kiwanda cha nyuzi. Kiwanda hicho kina king'ora kinacholia saa kumi na mbili kamili asubuhi kuwaamsha watu, na saa moja kamili kuwaingiza kazini. Jumapili hakilii, kwa hiyo hatukuwahi kukisikia tukiwa njiani.

Tulikuwa tumesimama mstarini, Fundi Saa akipenga, king'ora kikalia. Akabonyeza saa yake ya kupimia mbio, tukaondoka.

Saa hiyo aliivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Aliitengeneza mwenyewe, na hakuruhusu mtu aiguse. "Mikono yako ina jasho, Mwalimu," alikuwa akiniambia. Ananiita Mwalimu tangu nilipoanza shule ya usiku.

Tulikuwa karibu na geti la nyuma king'ora kilipolia mara ya pili. Sijui kilichoniingia. Nikanyoosha mkono, nikaigeuza ile saa kifuani pake.

Dakika arobaini na tisa.

Nikasimama. "Hii saa imesimama?"

"Haijasimama. Twende, miguu itapoa."

"Tulianza king'ora kikilia. Sasa kimelia tena. Hiyo ni saa nzima. Hapa pana dakika arobaini na tisa."

"Labda king'ora kimekosea."

"Kwa hiyo watu mia nane wameingia kazini dakika kumi na moja kabla ya wakati? Kwa mapenzi yao?"

Akapeleka kidole puani.

"Usipenge!" nikapiga kelele. "Nakuuliza swali, usinipengee!"

Nilipiga hesabu papo hapo. Jumapili iliyopita saa ile ilisema tumemaliza kilomita ishirini na moja kwa saa mbili na dakika kumi na tano. Nikampigia mke wangu simu kumwambia. Nikamwambia na kinyozi. Lakini kama kila saa nzima imeliwa dakika kumi na moja, basi tulitumia saa mbili na dakika arobaini na tano. Tungefika kwenye mstari watu wameshakunja kamba na kwenda zao.

Mazoezi yakaishia hapo.

Kibanda cha Fundi Saa kina upana wa mlango mmoja. Huwezi kuingia, unasimama nje na kuongea na utosi wake. Nilimfuata hadi pale, nikamwambia aifungue ile saa mbele yangu. Akabana kioo chake jichoni, akaifungua kwa kibisibisi chembamba kama mwiba.

"Umefanya nini humo?"

"Nimebadilisha springi. Nimeweka laini zaidi."

"Ili iende polepole."

"Ili iende polepole."

"Kwa nini?"

Akaendelea kuchungulia ndani ya saa kama mtu anayetafuta jibu huko. Mteja mmoja alikuja, akasikia pumzi zangu, akaondoka.

"Ulinihurumia," nikasema. "Ndivyo? Uliona mzee hawezi, ukaamua kumdanganya kama mtoto anayedanganywa kwamba sindano haiumi?"

Kisha akatoa kile kioo jichoni. Kilikuwa kimeacha duara jekundu.

"Ndiyo," akasema. "Nilikuhurumia."

Wasomaji wangu, nimetukanwa na watu wengi katika maisha yangu. Nimeitwa mfagiaji na watu wasiojua kuandika barua. Matusi nayajua, nayameza. Lakini huruma ya namna ile ni tonge lililokwisha kutafunwa na mtu mwingine, kisha unawekewa mdomoni likiwa bado na joto. Niligeuka nikaondoka bila kuaga.

Nyumbani, mke wangu alikuwa anapepeta mchele.

"Mbona uso umekuwa kama umelamba betri?"

Nikamweleza. Akasikiliza bila kuacha kupepeta.

"Amekupunguzia dakika," akasema. "Hajakupunguzia chakula. Kula."

"Siwezi kula. Naona kinyaa."

"Kinyaa unakiona tangu unioe, baba watoto. Glasi ina alama, kinyaa. Mtu kakohoa, kinyaa. Siku utakapojiona mwenyewe kinyaa sijui utakimbilia wapi."

Nikamwambia asinitabirie mabaya. Akacheka, akapuliza makapi.

Jumapili nilikimbia peke yangu. Nilichukua simu ya mke wangu, yenye saa ya kweli ya kupimia mbio ambayo yangu haina, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki isilowe jasho. Nilitaka kujua ukubwa wa aibu yangu. Nilidhani nitakufa njiani, na kusema kweli sikujali sana.

Sikufa. Nilipomaliza nilitoa simu nikatazama. Nikaipangusa nikatazama tena.

Saa mbili na dakika kumi na tisa.

Nilikaa chini kwenye changarawe. Mzee asiyeweza, mzee wa kuhurumiwa, amewahi kwa dakika kumi na moja. Miguu ile ile, njia ile ile. Kitu kilichopungua kilikuwa kimoja tu: Fundi Saa hakuwepo.

Ndipo nikakumbuka maswali.

Tangu tuanze mazoezi, hakuna kilomita iliyopita bila yeye kuniuliza kitu. "Mwalimu, eti mwezi hupatwaje?" "Mwalimu, kwa nini chumvi haiozi?" "Hivi mtu wa kwanza kutengeneza karatasi alikuwa anataka kuandika nini?" Na mimi, mwenye elimu yangu niliyoipata kwa taa ya mafuta na usingizi wa kuibaibia, ningejibu. Ningejibu kwa mikono. Kwenye kupatwa kwa mwezi nilisimama kabisa, nikamfanya yeye jua.

Mtu anayeeleza hawezi kukimbia. Yule bwana alikuwa akinivuta breki kwa ulimi wangu mwenyewe, akipata pumzi huku mimi nikitoa zangu. Hakunihurumia hata kidogo. Aliyekuwa nyuma ni yeye.

Mke wangu alipoona zile dakika kwenye simu aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo aliyehitaji kuhurumiwa alikuwa nani?"

Nilikuwa nimeshakasirika mara moja kwa kudhani ameniona dhaifu. Sasa nikakasirika mara ya pili kwa kujua dhaifu ni yeye. Na hii ya pili, nawaambia bila kuficha, ilikuwa na utamu ndani yake.

Jumatatu nikakutana na Afisa.

Afisa ni mstaafu wa forodha. Ana viatu vya mbio vya rangi ya machungwa, na anajipaka manukato kabla ya kukimbia, kwa hiyo akitoka jasho ananuka kama ua lililotapika. Katikati ya mazungumzo hufyonza paketi ya jeli ya kuongeza nguvu, kisha huilamba kwa ndani, ulimi mzima, akikutazama. Siku nyingine ningevuka barabara kumkwepa.

"Mzee mwenzangu," akaniambia, "nimekuona jana. Umepita kama umetumwa dawa. Mwenzako yuko wapi?"

"Hajisikii vizuri."

"Wangu kateguka kifundo, kajiondoa. Mimi na wewe tukiungana, saa mbili na robo tumo ndani. Tena tunashika nafasi." Akailamba paketi. "Badilisha jina wiki hii. Ni fomu moja tu."

Nikamwambia nitafikiri. Uongo. Nilikuwa nimeshamaliza kufikiri kabla hajameza.

Ofisi ya mbio ilikuwa chumba chini ya jukwaa la uwanja, chenye meza mbili na maboksi ya fulana mpaka darini. Karani alikuwa binti wa rika la mwanangu wa mwisho, mwenye adabu, kalamu ameichomeka kwenye nywele.

"Shikamoo babu. Kubadilisha jozi? Anayeondoka lazima asaini hapa kwamba anajiondoa kwa hiari. Na chini yake asaini shahidi aliyemwona. Yuko wapi?"

"Yuko nje," nikasema. "Magoti yanamsumbua, hawezi hizi ngazi. Nitampelekea."

Uongo wa pili. Ulitoka laini kuliko wa kwanza.

Nikatoka na fomu hadi nyuma ya vyoo vya uwanja, mahali ambapo ukuta umelowa na harufu inakata macho. Hapakuwa na mtu. Nikaiweka fomu ukutani, sehemu iliyokauka.

Sasa niwaambie jambo ambalo sijapata kumwambia mtu. Fundi Saa hakwenda shule. Nilipomfahamu alikuwa akitumia dole gumba, kwenye kila karatasi alama ya bluu kama mdudu aliyekanyagwa. Mwaka nilioanza shule ya usiku nikamwambia, ndugu yangu, hili halifai, mtu na ufundi wake. Nikamtengenezea sahihi. Niliibuni mimi, kwenye daftari langu la usiku: herufi mbili kubwa zilizoshikana, na mkia mrefu unaorudi nyuma na kuzikata katikati. Nikamshika mkono kama anavyoshikwa mtoto, jioni kumi na nne mfululizo, mpaka ikamkubali. Siku alipoitia benki mara ya kwanza alirudi kwangu mbio. "Mwalimu," akasema, "wameniita bwana."

Duniani hakuna mtu anayeijua sahihi ile kuliko mimi.

Nikaitia. Nilipofika kwenye ule mkia nilijiona naurefusha kwa mapenzi, kama fundi anayekumbuka kazi yake ya zamani, na hata nilirudi nyuma kidogo kuitazama ilivyokaa. Ilikuwa nzuri. Ndiyo sehemu inayonitapisha zaidi: kwamba niliona ni nzuri.

Niliporudi, Afisa alikuwa ameshafika, akimchekesha karani kwa hadithi za mizigo ya forodha. Karani akaipokea fomu huku anacheka, akaitia kwenye faili bila kuisoma, akampa Afisa kitambaa kipya cha namba hamsini na nane. Namba yetu. Namba ambayo Fundi Saa alikuwa nayo nyumbani kwake tangu wiki iliyopita, ameipiga pasi.

Kazi yangu ya maisha ilikuwa kusoma karatasi kabla haijapita. Siku hiyo sikuisoma.

Jumamosi jioni, jua bado lipo, niko kizingitini nakata kucha zilizobaki, nikamwona Fundi Saa anakuja. Anachechemea. Akaketi ngazi ya chini yangu, kama kawaida yake. Mke wangu akamletea maji, akaingia ndani, lakini nilijua hajaenda mbali. Mke wangu husikia hata nafaka ikiota.

"Mwalimu," akasema, "nimekuja kukuambia kitu, usinikatishe. Wewe una tabia ya kukatisha."

"Sema."

"Ile siku kibandani nilisema nilikuhurumia. Haikuwa kweli. Wewe unaweza. Asiyeweza ni mimi. Goti hili limekwisha tangu mwezi wa pili. Nikaona tukipima kwa haki utajua tunachelewa, na utatafuta nani anachelewesha, na utampata."

"Ungeniambia tu."

"Nikuambie wewe?" Akageuka kunitazama. Sikuona hasira usoni mwake, na ingekuwepo ingenisaidia. "Ndugu yangu, nakufahamu miaka arobaini. Kaka yako ulimwacha ulipopata cheti, kwa sababu anakula kwa kelele. Wafagiaji wenzako uliacha kuwasalimu siku ulipopewa meza. Mimi nikajiuliza, mimi ataniacha kwa dakika ngapi? Nikaona labda kumi na moja. Nikazificha."

Nilikuwa na mkasi wa kucha mkononi. Nilikuwa nautazama.

"Sasa nimekuja hivi," akaendelea. "Kesho nitakimbia. Nimelifunga goti, nimejaribu jana, nimeteseka lakini nimefika. Nikivuta pumzi vizuri, saa mbili na dakika thelathini, labda tunapita kwa upenyo wa sindano. Lakini kama unaona nitakukosesha ile medali, niambie sasa. Nasikia kuna fomu ya kujiondoa. Nitakwenda alfajiri, nitasaini mwenyewe. Sitakulaumu. Ile sahihi ulinipa wewe."

Wasomaji wangu, mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu lingetosha. Ningesema, "Fundi, nimekwisha kuifanya, nisamehe," angenisamehe pale pale, na kamasi zake na kila kitu. Au ningesema, "Nenda kasaini," yeye angesaini ya kweli na ya uongo ingefunikwa. Hata uovu alinirahisishia.

Nikasema, "Tutaonana kesho uwanjani."

Akafurahi. Akanishika goti, akanyanyuka, akapenga kamasi kwa vidole, akajipangusa kwenye suruali, akaenda zake anachechemea. Nilimtazama mpaka akakata kona, nikingoja kinyaa kilichozoeleka kinijie. Hakikuja kwake. Kilinigeukia mimi.

Mke wangu akatokea mlangoni. "Kuna nini kuhusu fomu?"

"Hakuna kitu."

"Nyani haoni kundule," akasema, akabeba glasi ya maji ya Fundi Saa ambayo haikuguswa.

Asubuhi ya mbio uwanja ulijaa. Watu walikuwa wanajipaka mafuta ya misuli mpaka macho yanawasha, wengine wanatapika mapema nyuma ya magari ili wasitapike baadaye. Mimi nilifika na Afisa ubavuni, ananukia. Nilikuwa nimepanga kwamba Fundi Saa akija nitamvuta pembeni nimweleze kwa utaratibu. Niliandaa hata sentensi. Ilikuwa sentensi nzuri, yenye viungo vyote.

Sikupata nafasi ya kuisema. Tulikuwa kwenye lango la wazee, karani yule yule na faili lake, nikasikia nyuma yangu, "Mwalimu! Nimewahi!"

Alikuwa amenyoa ndevu. Goti limefungwa kwa kitambaa kilichooshwa. Na miguuni, siamini hata sasa, soksi mpya, bado zina mkunjo wa dukani.

"Hamsini na nane," karani akasoma kifuani pangu. Akasoma cha Afisa. "Hamsini na nane." Akasoma cha Fundi Saa. "Mbona hamsini na nane mko watatu?"

"Wawili," akasema Fundi Saa, akicheka. "Huyu bwana wa manukato amepotea njia."

"Mzee," Afisa akasema, "wewe si ulijiondoa?"

"Nijiondoe vipi na nimesimama hapa?"

Karani akafungua faili. Nilimwona akipekua, karatasi moja, ya pili, nikatamani zisiishe. Akaitoa. "Babu, hii hapa. Jina lako, umejiondoa kwa hiari. Hii si saini yako?"

Fundi Saa akaipokea fomu kwa mikono miwili. Hakuvaa kioo chake, akaisogeza karibu sana na uso, kama anavyoitazama saa ya mteja. Nikaona kidole chake kikifuata ile sahihi: herufi ya kwanza, ya pili, kisha ule mkia, polepole, mpaka mwisho wake. Mkia ulikuwa mrefu kuliko anavyouweka yeye.

Akaniangalia. Mara moja tu.

"Ni yangu," akamwambia karani.

"Una uhakika? Maana unaonekana kama hukumbuki."

"Mwanangu, mtu hasahau jina lake. Ni yangu." Akaanza kubandua namba kifuani, pini moja moja, akizitia mdomoni zisipotee.

Afisa akanipiga begani. "Haya, twende mstarini, wanaita."

"Ngojeni," karani akasema. Alikuwa ameinamia ile fomu, kalamu imetoka kwenye nywele. "Hii haikukamilika. Sehemu ya shahidi iko wazi. Bila shahidi, kisheria hakuna aliyejiondoa, jozi ya mwanzo ndiyo inayokimbia." Akatutazama sote watatu. "Nani alimwona akisaini?"

"Si ni huyu hapa!" Afisa akasema, akininyooshea kidole chenye jeli. "Yeye ndiye aliyempelekea."

"Basi babu, saini hapa chini. Kwamba ulikuwepo, na ulimwona kwa macho yako."

Akaniwekea fomu juu ya faili, akanipa kalamu. Nyuma yangu foleni ilianza kunung'unika. Spika ikatangaza dakika tano. Nikiandika jina langu, medali ipo, dirisha la meneja lipo. Nisipoandika, nitakimbia na goti lile hadi kamba zikunjwe, na kwanza nitaje mbele ya watu hawa kwa nini siandiki.

Fundi Saa alizitoa pini mdomoni. Akazungumza polepole, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mwenzake barabara.

"Mimi uongo wangu nimeshausema, Mwalimu. Umebaki wako."

"Babu," karani akasema, "tunakusubiri wewe."